Mjane Mwenye Mume

Msusi aliisoma kadi iliyofungwa kwenye kikapu chake, akairudia, damu ikamchemka. Chini ya picha yake waliandika: "Mjane asiye na mtu. Nunua, umwokoe."

Mume wake alikuwa mle mle karakanani, mtoto wao mgongoni, akikoroga ukindu wa kusukia kwenye sufuria ya rangi.

"Baba watoto, nani amekuzika wewe?"

"Sijui, ila marehemu anaomba chai," mume akajibu. Wasusi wote wakaangua kicheko. Msusi hakucheka.

Afisa wa kampuni ya "biashara ya haki", inayojinadi kuwalipa wasusi bei ya haki na kuuza vikapu vyao ng'ambo, alitabasamu. "Dada, usikasirike. Wateja wanapenda hadithi inayogusa moyo."

"Basi waguse kikapu! Nimekisuka kwa mikono, si kwa machozi. Haki gani hiyo ya kuniulia mume?"

"Ni maneno tu, dada. Gari linasubiri, malizieni hivyo vilivyobaki."

Vilivyobaki vilikuwa bado havijakunjwa pindo, na kikapu kisicho na pindo hufumuka kabla hakijafika popote. Msusi akaweka sindano chini.

"Sikunji pindo mpaka mume wangu afufuke."

Jirani yake akaweka yake. Kisha wa pili, kisha karakana nzima ikatulia.

Afisa alimtazama dereva, akavitazama vikapu, akainama na kuanza kuzing'oa kadi za mjane, kikapu kimoja kimoja.

"Na ile ya kikapu cha chini kabisa," Msusi akasema. "Nimeiona."