Mkono Usiosikia Joto

Kipimo cha chumvi cha maabara kiliharibika mwezi wa pili, na kwa kuwa kipya hakikuja, fundi wa maabara alizoea kuonja maji ya matumbawe kwa ncha ya kidole. Ndani ya maji hayo mlikuwa na bakteria wema aliowakuza mwenyewe kwenye chupa, ili matumbawe yasipauke na kufa bahari inapopata joto. Baada ya wiki sita matumbawe yalivumilia joto. Naye fundi aliacha kulisikia.

Aligundua jikoni, alipoepua sufuria ya maharage kwa mikono mitupu na kuibeba hadi mezani huku akimsema dada yake kwa mama mkwe. Mama mkwe alimkagua viganja, havikuwa na hata lengelenge.

"Afadhali," alisema. "Umenimalizia vitambaa kwa kuviunguza."

Kiwanda cha umeme ndicho kilicholipia maabara, na ndicho kilichomwaga maji yake ya moto kwa bomba juu ya miamba ya matumbawe hayo hayo. Meneja wake alikuja kujionea. Alimpa fundi chai iliyotoka kuchemka, naye akainywa yote bila kupuliza.

"Kumbe mnazoea," meneja alisema.

"Tunavumilia tu, bosi. Nilitaka matumbawe yasife kabla hamjafunga bomba."

"Sasa kama yanavumilia, dada yangu, tulifunge ya nini?"

Jumatatu bomba la pili lilifunguliwa. Fundi alijuta kuinywa ile chai. Hata hivyo, ni yeye tu aliyeweza kusimama katika maji yale, hivyo akatumwa kuchota sampuli. Samaki waliokufa walimgusa magoti. Kwake maji yalikuwa ya kawaida. Kipimajoto kilisema vingine, akaandika kilichosema.

Alhamisi mwanawe alikataa kuamka. Fundi alimpapasa paji la uso, akamwambia aache uvivu, akampeleka shule. Saa nne mwalimu alimrudisha amembeba, mtoto akiweweseka kwa homa. Daktari aliuliza kwa nini mtoto anayeungua hivi alipelekwa darasani. Fundi alilia mbele ya watu, wala hakujificha.

Mtoto alipona. Msingi wa bomba la tatu umeshachimbwa. Siku hizi, kila asubuhi, mama mkwe ndiye anayemgusa mtoto.

"Leo mzima," humwambia fundi, naye hana budi kuamini.