Plagi ya Winchi ya Kwanza

Asubuhi hiyo fundi wa umeme alifika gatini amelikumbatia boksi dogo kama mzazi anayetoka na kichanga hospitali. Hakukubali kulichanganya na bisibisi kwenye mkoba. Ndani mlikuwa na plagi ya buluu, nene kama ngumi, pamoja na soketi yake yenye kifuniko na pete ya kuzuia maji. Ukitaka kukata umeme unazungusha pete kidogo, unavuta, kwisha kazi. Alikuwa ameiomba plagi hiyo mpaka watu wakamchoka.

Gati lilikuwa na winchi tatu za kuinulia boti kutoka ziwani, na zote zilifungwa umeme moja kwa moja: waya kwa waya, juu yake tepu, juu ya tepu mfuko wa nailoni. Swichi ilikuwa mbali, ndani ya ofisi, nyuma ya mlango ambao Bosi huufunga kwa ufunguo kila aendapo kula. Ziwa likijaa ghafla, maji huyafikia maungio kabla mtu hajaifikia swichi. Ndivyo alivyokufa kaka wa fundi huyu, aliyekuwa fundi wa gati hilo kabla yake, Bosi akiwa mezani. Bosi alirudi akasema ajali haina kinga. Tangu hapo hakuna mfanyakazi aliyeingia majini bila kuyagusa kwanza kwa mgongo wa mkono, maana kiganja kikipigwa na umeme hung'ang'ania, lakini mgongo wa mkono huruka.

Fundi alifunga plagi huku akiimba. Alipokaza skrubu ya mwisho, akamwita mwendesha winchi, ambaye kwa kufanya kila kitu taratibu wote walimwita Breki.

"Breki! Njoo uone mambo!"

"Nakuja, dada. Haraka haraka haina baraka."

"Baraka ndiyo hii hapa! Bonyeza!"

Alichomeka, Breki akabonyeza. Mota iliunguruma, mikanda ikakaza, na boti ya Bosi ikapanda ikichuruzika maji. Fundi akazungusha pete, akachomoa. Mota haikuzima. Boti iliendelea kupanda vizuri tu.

Aliitazama plagi mkononi, akapiga magoti na kuchungulia chini ya mbao. Kaka yake alikuwa amesimama humo, maji kifuani, amevaa ovaroli yake ya kazi, ameushika waya wa mota kwa mikono yote miwili.

"Kaka, achia. Tushachomoa."

"Nani kaenda ofisini?"

"Hakuna aliyeenda. Nimechomolea hapa hapa."

Hilo ndilo lililomshangaza marehemu. Aliachia, mota ikanyamaza, akapanda ngazi ya chuma huku Breki akimwonya asiteleze. Akaipokea plagi. Akachomeka, akachomoa. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Akajaribu amefumba macho. Kila ilipochomoka alicheka, na mwisho alicheka mpaka akakaa chini. Wafanyakazi wengine wakaacha brashi na rangi zao wakaja kupanga foleni, kila mmoja anataka zamu yake, wanasukumana, wanapiga makofi. Fundi alifurahi hadi machozi yakamtoka. Kicheko hicho alikuwa amekikosa mno.

"Yaani ndicho hiki?" kaka aliuliza. "Hiki tu?"

"Hiki tu, kaka."

"Kililetwa kutoka wapi?"

"Dukani, hapo ng'ambo ya barabara. Vipo miaka yote."

Kaka alikigeuzageuza kile kitu cha buluu. "Ni kizuri," alisema. Kisha akatupa macho kwenye gati. "Na zile winchi mbili mnazofanyia kazi nyinyi?"

Makofi yakafifia. Bosi alikuwa amenunua plagi moja, ya boti yake, kwa sababu wikiendi angepandisha wageni. Fundi alimweleza hivyo hivyo, bila kupamba.

"Basi sawa," kaka alisema. "Mikono ninayo miwili, na umeme mimi hauniwezi tena. Ukivuja utaishia kwangu."

Akamrudishia mdogo wake plagi, akashuka ngazi, akaenda kusimama katikati ya winchi ya pili na ya tatu. Akashika waya wa huku na waya wa huku. Breki akashuka nyuma yake, akayagusa maji kwa mgongo wa mkono, halafu, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kwa kiganja. Maji yalikuwa salama.

Bosi akarudi kutoka kula, kijiti kinywani. Alimwona marehemu, akampungia, akamuuliza habari za siku nyingi. Fundi akaona ndiyo nafasi. Akamkimbilia, plagi mkononi, maneno yakimtoka kwa pupa.

"Bosi, tumeijaribu, inafanya kazi! Hata aliyefumba macho anachomoa. Zimebaki mbili tu, Bosi. Ninunulie mbili, leo hii nazifunga."

Bosi alimtazama yule aliyesimama majini.

"Za nini tena? Si yupo?" Akaupapasa mfuko kutafuta ufunguo wa ofisi. "Mwambie ahsante."

Fundi alirudi gatini taratibu.

"Amesemaje?" kaka aliuliza kutoka majini, uso bado una furaha.

"Amesema ahsante."

Kaka aliitikia kwa kichwa, akazikaza nyaya mikononi.