Mkwaju wa Kache

Erastus alirudi Mikindani kutoka vita vya Bama na koti la Keya, jeshi la Mwingereza, kovu shavuni, na hadithi ambazo watu walizipokea kama wapokeavyo hadithi za askari wote, yaani nusu wanazimeza na nusu wanazitema. Iliyotemwa na wengi ilikuwa ile ya mti. Alisema kwamba kule kisiwa cha Seloni, kabla ya kuvushwa kwenda kupigana, alilinda ghala la Mchina mmoja muuza vyombo, na Mchina yule alikuwa na mti ndani ya bakuli. Haukuwa mche. Ulikuwa mti mzima, wenye shina la magamba na matawi ya kizee, umempita umri babu yake Mchina, na bado kimo chake hakikufika gotini.

"Ulirogwa," akasema Nguma, mgema tembo, ambaye hakuna mti uliowahi kumshinda kuupanda.

"Ulikatwa," akajibu Erastus. "Unakatwa matawi, unakatwa mizizi, ukichipua unakatwa tena. Mwisho unajua kwamba hapo ndipo kikomo chake."

Watu walicheka mpaka mwinjilisti akatoka kanisani kuuliza kuna nini. Erastus, ambaye risasi hazikumtisha ila kuitwa mwongo kulimuuma, akatangaza mashindano palepale. Kila mwenye kutaka achague mti wake, autie chomboni, aulee mpaka sikukuu ya mavuno ya mwaka wa pili. Mti ulioonekana mzee kuliko yote na ukabaki mfupi kuliko yote, mwenyewe angepewa jogoo. Sharti likawa moja: mti uishi chomboni, mzizi wake usiguse ardhi.

Basi wiki nzima Mikindani ikawa haina mazungumzo ila ya miti. Erastus akawaeleza kwamba siri iko katika kuchagua: utafute mti wenye jani dogo, unaovumilia kiu, usiozira ukikatwa. Halafu yeye mwenyewe akachagua mwembe, ambao jani lake ni kama kasia, kwa kuwa alipenda maembe. Wairimu, mke wa mtu wa reli, mgeni kutoka bara, akachagua mpera kwa sababu, alisema, mpera haufi hata ukiusihi. Nguma akachagua mnazi. Aliambiwa, akashauriwa, akaombwa. Akasema mtu wa pwani asiyechagua mnazi ni mtu wa kuulizwa kwao wapi. Akaotesha nazi kwenye beseni, ikachomoza vizuri, na siku alipoona inataka kuzidi kimo akapanda juu ya kigoda akaukata kilele. Mnazi una moyo mmoja tu, nao uko pale kileleni, jambo ambalo mgema alilijua kuliko mtu yeyote, ila kiburi kilimsahaulisha. Wiki ya pili ulikuwa umekauka. Nguma aliuzika, na hakutaka kuulizwa habari zake.

Kache hakucheka miti ya wenziwe. Alikuwa na shida yake.

Alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, Nyevu, na kitovu cha mtoto kilikuwa kimekauka na kudondoka, akakifunga kwenye kitambaa na kukichomeka katika makuti ya paa. Kwao Rabai kitovu huzikwa chini ya mnazi mchanga, na mnazi ule huwa wa mtoto maisha yake yote. Mikindani nyumba ilikuwa yao, Kache na mumewe Tsofa waliijenga kwa mikono yao, lakini ardhi ilikuwa ya mwenyewe, tajiri aliyekaa kisiwani ambaye hawajapata kumwona uso. Na mwenye ardhi alikataza miti. Muhogo, ndiyo. Mchicha, panda utakavyo. Mnazi, mwembe, mkwaju, mti wowote wa kudumu, hapana. Sababu ilijulikana na kila mtoto wa pwani: ardhi inaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule, na mti ukishaota bila kupingwa, aliyeupanda ana neno. Hafukuzwi kama kuku tena. Kwa hiyo msimamizi wa mwenye ardhi, jina lake Masha, alipita kila mwisho wa mwezi kukusanya kodi, na akiona mche umejitokeza uani kwa mtu, hata uliooteshwa na kunguru, aliung'oa kwa mkono wake kabla hajaketi.

Mama mkwe akatuma maneno kutoka Rabai: kitovu kiletwe nyumbani. Tsofa akaona ni shauri jema. Kache akakataa.

"Mwanangu amezaliwa hapa," alimwambia mumewe. "Uchungu niliupatia hapa, na damu yangu imemwagika kwenye sakafu hii. Kitovu kikamtafute nani Rabai?"

"Kitazikwa wapi hapa? Chini ya mchicha?"

Swali hilo lilimtia Kache hasira, maana lilikuwa la haki. Ndipo likaja hili la Erastus na bakuli lake la Mchina. Watu wengine waliona mchezo. Kache aliona mti ambao Masha hawezi kuung'oa, kwa sababu haukupandwa kwa mwenye ardhi, umepandwa chunguni.

Alichagua kwa makini kuliko wote. Mwembe aliuona una tamaa. Mpera aliuona hauishi sana. Mnazi ulimvuta moyo, lakini hakutaka kumpa mwanawe mti wenye roho moja kileleni, mtu akiigusa umekwisha. Siku moja akienda Jomvu Kuu kununua samaki aliona kando ya njia mkwaju wa ajabu. Mbuzi walikuwa wameutafuna miaka na miaka. Kila ulipochipua waliula, nao ukachipua tena, hata shina likanenepa kama kifundo cha mguu wa mtu mzima na kimo kikabaki shubiri mbili. Vijani vyake vidogo vilijikunja jioni kama kawaida ya mkwaju. Kache aliuchimbua kwa kisu cha samaki, akaufunga kwa leso, akarudi nyumbani na mti, samaki kawasahau.

"Umetuletea makombo ya mbuzi," akasema Nguma, ambaye mnazi wake ulikuwa bado hai siku ile.

"Mbuzi wameshindwa kuumaliza," akasema Kache. "Wewe utauweza?"

Akautia kwenye chungu kipana cha kupikia kilichotoboka chini, na chini ya mizizi akakilaza kitovu cha Nyevu. Akakiweka chungu uani karibu na mlango, mahali pa kuonekana. Mwisho wa mwezi Masha alipokuja, alikisogelea akiwa amekunja uso.

"Mama Nyevu, mpangaji hapandi mti."

"Nimeupanda wapi, Bwana Masha? Si uko chunguni? Au na chungu changu ni cha tajiri?"

Masha hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa mtu anayependa kukaa vizuri na kila upande, ambao ni ubaya wa namna yake. Alikizunguka chungu, akacheka, akasema haya, mchezo wa kanisa hauna neno. Tangu siku ile akawa anaupenda. Kila mwezi akifika huuliza hali ya mti kabla ya hali ya watu, akaweka mfuko wake wa kodi kando ya chungu, akanywa chai akiutazama na kusema mkwaju huu una adabu.

Mwaka ukapita. Ikaja masika nzito, na baada yake Kache akaona majani yanatoka kwa fujo, mabichi, makubwa kuliko kawaida. Akainama akinyanyue chungu apate kupunguza mizizi kama walivyofundishwa. Chungu hakikunyanyuka. Alijaribu tena, akahisi kitu chini kimeshika, kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa. Mzizi ulikuwa umepita kwenye tundu ukaingia ardhini.

Alijua wajibu wake. Sharti la mashindano lilisema akate. Agizo la mwenye ardhi lilisema akate. Kache alitazama huku na huku, akasukuma udongo kwa mguu mpaka ukaficha kitako cha chungu, akaingia ndani kupika. Kwa Erastus alisikia haya kidogo, maana Erastus alikuwa mtu wa haki. Kwa tajiri wa kisiwani hakusikia haya hata chembe. Juu aliendelea kuupogoa mti ubaki mfupi. Chini aliuacha uende.

Jumamosi ya kuamkia mavuno Erastus akaja na mkokoteni kukusanya miti. Kwa bahati mbaya ilikuwa pia siku ya kodi, na Masha alikuwa ameketi uani na kikombe chake. Tsofa alikuwa nyumbani, na Nguma na Wairimu walifuata mkokoteni kuangalia.

"Huu ndio mshindi," akasema Erastus. Akainama kukikamata chungu, akavuta, akashangaa. Masha, kwa wema wake, akaweka kikombe chini akaenda kumsaidia. Wakavuta wote wawili. Chungu kikainuka upande, na chini yake ukaonekana mzizi mnene kama mpini wa jembe, umeshuka moja kwa moja.

Nguma na Wairimu wakasogea kuutazama.

"Kache," akasema Erastus, "umetudanganya."

"Wewe amekudanganya," akasema Masha. "Mimi ameniua. Nileteeni panga."

Tsofa akatangulia mbele ya mkewe. Alikuwa mtu mpole, na tangu ujana alikuwa akihamishwa hapa na pale. Aliogopa kuhamishwa kama wengine waogopavyo ndui. "Hakuna haja ya ugomvi," alisema. "Mzizi utakatwa sasa hivi. Mti utabaki chunguni, Erastus ataupeleka kanisani, na sisi tutabaki nyumbani kwetu. Si ndivyo, Bwana Masha?"

Masha akasita, akakubali. Erastus akasema ukikatwa sasa atauhesabu. Hata Wairimu akasema, "Kata tu, mama, si mzizi mmoja?" Wote walikuwa na busara. Kila mmoja alimtazama Kache kwa huruma, wakingoja aseme ndiyo.

Kache alikwenda jikoni. Alirudi na mchi. Kabla mtu hajaelewa, aliupiga ule mchi kwenye ubavu wa chungu, na chungu kikapasuka vipande vikubwa vikubwa, udongo ukamwagika, mkwaju ukabaki umesimama kwa mguu wake mwenyewe.

"Miaka miwili naukata," alisema, wala hasira yake hakuificha. "Ukichomoza nakata. Ukinyoosha mkono nakata. Na kabla yangu mbuzi. Sasa umepata mahali pa kushika, wote mnaniambia nikate na hapo. Sikati. Kitovu cha mwanangu kimo humo. Erastus, nisamehe, jogoo mpe mwingine."

"Basi mtahama," akasema Masha. "Nitamwambia mwenyewe leo hii."

"Mwambie. Twende sote, na mimi niwepo. Atauliza mti umeota lini, utamwambia una zaidi ya mwaka. Atauliza msimamizi wake alikuwa wapi. Utamwambia alikuwa hapa kila mwezi, amekaa kando yake, anakunywa chai, anausifu adabu."

Nguma akakohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Masha aliutazama mzizi, akautazama mkono wa Kache ulioshika mchi, kisha akamgeukia Tsofa, maana alimjua kuwa mtu wa kuelewana naye.

"Tsofa, mwambie mkeo."

Kache alisubiri. Alijua mumewe anaogopa, na alijua kwamba akisema neno moja sasa, mambo yote yamekwisha. Tsofa aliutazama mkwaju. Halafu aliinama, akaanza kukusanya vigae vya chungu, akavipanga kuuzunguka mkwaju kama ukingo.

"Mbuzi wa huku ni wengi, Bwana Masha," alisema bila kuinua kichwa. "Kesho nikitoka kanisani nitauwekea ua wa miba."

Masha alichukua mfuko wake akaenda zake, chai hakuimaliza.

Mavuno yalisherehekewa. Mpera wa Wairimu ukapata jogoo, na Erastus akatamka mbele ya watu wote kwamba mkwaju wa Kache umeondolewa kwa kuvunja sharti. Kache alisimama mikono mitupu na Nyevu mgongoni, akaimba kwa sauti kubwa kupita kawaida yake. Wiki zile zilizofuata hakulala vizuri. Kila mgeni aliyebisha hodi alidhani ni mtu wa tajiri. Hakuja mtu. Mti nao, kwa kuwa haukupogolewa tena, ukaanza kupanda kwa pupa, kama aliyenyimwa chakula akaonyeshwa sinia.

Mwisho wa mwezi Masha akaja. Aliamkia kwa adabu, akakitafuta kigoda, akakigeuza na kukaa akiuelekezea mti mgongo, ili mtu akimwapisha siku yoyote aweze kusema hakuona kitu. Kache alimpa kikombe cha chai. Kisha akaleta kigoda kingine, akakiweka upande wa pili, karibu kabisa na mkwaju, akakipangusa vumbi kwa upindo wa leso.

"Hamia huku, Bwana Masha," alisema. "Kivuli bado hakijatosha, lakini kinakuja."