Asilimia Thelathini na Moja

Kila asubuhi, saa mbili na dakika tano, shangazi alikaa dirisha namba tatu la ofisi ya watu waliopotea, akaweka picha ya mwanawe kaunta, na karani akabonyeza kitufe cha Tafuta. Hapo hapo skrini iliganda, na shangazi naye akaganda. Mdomo ulibaki wazi katikati ya neno, na nzi aliyetua puani hakufukuzwa. Saa kumi kamili karani alibonyeza Funga, akasema, "Hajapatikana, mama," na shangazi akamalizia neno lake, akachukua picha, akaenda zake. Ulikuwa mwezi wa nne wa kuja hivyo. Wateja wa madirisha mengine nao waliganda, na mfagiaji alikwisha kuwazoea. Ijumaa aliwapangusa vumbi.

Programu ile ya kutafutia watu ilikuwa kazi ya mtoto wa kaka yake shangazi, fundi wa ofisi hiyo. Huyo aliyepotea ni binamu yake, wamekua nyumba moja. Binti aliona aibu kweli, maana kosa alilijua. Programu aliiandika mbio mbio, akaipa mkono mmoja wa kufanya yote: kuchora skrini, kusikiliza vitufe na kupekua madaftari ya kila hospitali na kila kituo. Mkono ukizama madaftarini, mlangoni hapana wa kuitikia.

"Nitaitengeneza, hata nikilalia kibodi," alimwambia karani.

"Afadhali. Mie namsemesha shangazi yako, kimya. Nikadhani kaninunia."

Alikesha siku tisa. Upekuzi aliuhamishia nyuma, ukapata mkono wake. Skrini ikabaki na wake. Akaongeza mstari wa kijani wa kuonyesha kazi imefika wapi.

Jumatatu karani alibonyeza Tafuta. Shangazi akapepesa macho, akamfukuza nzi.

"Ala! Kumbe humu ndani kuna joto hivi?"

Kabla ya adhuhuri mvi za miezi minne ya kuganda zilikuwa zimemwota zote, na miguu ikamvimba. Mkuu wa ofisi alishuka kutazama, akampa fundi mkono. "Sasa hii ndiyo ofisi! Watu wanapumua!"

Shangazi hakuondoa macho kwenye mstari. Saa kumi ulikuwa asilimia thelathini na moja. Karani akabonyeza Funga, mstari ukafutika.

"Hajapatikana, mama."

"Wee! Mbona haujafika mwisho?"

"Fomu ni ya siku moja, mama. Kesho unajaza nyingine, tunaanza upya."

Shangazi alichukua picha yake. "Miezi minne mnaniambia hajapatikana. Kumbe hamjamtafuta."

Fundi alipanda ngazi mbili mbili hadi kwa mkuu. "Upekuzi unataka siku nne za kazi. Niruhusu uendelee usiku na mchana, mteja hata hahitaji kuwepo."

"Utaratibu ni utaratibu, binti. Kwani mstari si anauona?"

Jioni ile aliandika barua ya kuomba fomu iwe ya siku nne. Mkuu aliipokea, akaigonga muhuri, akaitia kwenye trei. Fundi akaketi kuandika ya pili.

Shangazi alimkuta mezani. Uso ulimwiva kwa hasira, lakini sauti ilikuwa tulivu.

"Andika, mwanangu. Mie nitakuja."

Jumanne, saa mbili na dakika tano, alikaa dirisha namba tatu na chupa ya maji na kipepeo cha mkono, akaweka picha kaunta. Alijipepea, akampepea na karani, akautazama mstari mpaka saa kumi, ulipofika thelathini na moja.

"Hajapatikana, mama," karani alisema.