Kocha Mgeni wa Langoni

Mimi mpira siupendi. Naujua tu, kwa sababu wanaume wa Langoni wamelifanya daka la nyumba yangu, ule ukumbi wa mlangoni, kuwa bunge lao, na mwenye jiko nyuma ya mlango ule hana budi kusikia. Kila siku baada ya Alasiri wanakuja, wanajipanga kwenye mabaraza mawili ya mawe, huku na huku ya mlango, wanakunywa kahawa yangu na kuisema serikali. Marehemu baba aliwaachia wakae, nami niliponyamaza wakadhani nimeridhika. Nyumba hii baba alinipa siku niliyoozwa, kama ilivyo ada yetu hapa kisiwani Amu: bibi harusi haendi kwa mume, mume ndiye anayemfuata. Famau alinifuata kutoka Chundwa, kule kisiwa cha Pate, na begi moja na mpira ndani ya wavu.

Huyo Famau ndiye aliyewafundisha kandanda vijana wote wa mtaa huu. Mchana yuko karakanani anaranda mbao, jioni yuko uwanjani na filimbi shingoni. Timu ya Langoni imechukua kombe la Amu mikononi mwake, si mara moja. Lakini muulize mwenyekiti wa timu kocha ni nani, atakwambia, "Bado twatafuta. Kwa sasa Famau anakaimu." Amekaimu mpaka ndevu zimeingia mvi. Na mwenyekiti mwenyewe ni Abubakr, binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliyekula wali wa harusi yangu mpaka akafungua kifungo cha kanzu.

Mwaka huu Abubakr aliahidi. Alisema kamati itakaa Ijumaa baada ya Isha na kumaliza jambo hilo. Famau hakusema kitu kwangu, ila Ijumaa ile alipotoka msikitini hakubadilisha nguo. Alibaki na kanzu yake nzuri, akaenda kuketi darini kidogo, akashuka, akapanda tena. Mtu mzima yule. Hakuna kitu alichowahi kukitaka katika mji huu isipokuwa lile neno "kaimu" liondoke mbele ya jina lake, na mimi nilikitaka kuliko yeye.

Alasiri wakaja kama kawaida. Swafwan, kijana wa duka la simu, akasoma kwenye simu yake kwamba timu ya taifa inatafuta kocha, na huenda akatoka nje ya nchi. Basi, moto ukawaka.

"Aibu!" Abubakr akapiga goti lake. "Nti nzima hii, watu wote hawa, hakuna mmoya wa kufundisha mtezo? Mpaka tuletewe Mzungu? Ataya hapa apunge upepo, ale mshahara wa mawaziri kumi, tukifungwa yeye hulala usingizi wake mzuri. Uchungu wa nti anao mwana wa nti!"

"Lakini Bwana Abubakr," Swafwan akasema, "hao wa kwetu si tumekuwa nao? Na bado tunapigwa tu. Mimi naona aje yeyote, bora tufuzu. Uchungu haufungi mabao, bro."

"Usiniite bro, mimi rika la babako."

Wakacheka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na dele la kahawa mkononi, nikingoja wapoe nimpe Famau awamiminie. Hapo ndipo nikamsikia yeye mwenyewe. Famau huwa hasemi sana barazani. Anakaa mwisho wa baraza la kulia, karibu na mlango.

"Mimi naona mwalimu apimwe kwa kazi yake," alisema. "Akiwa ni wa hapa na kazi aiyua, apawe. Akiwa ametoka mbali na kazi aiyua, apawe. Mpira haumuulizi mtu amezawa wapi."

Maneno ya mtu mstaarabu. Hakumtaja mtu, hakumgusa mtu.

Abubakr akacheka kile kicheko chake cha puani. "Wewe huna budi kusema hivyo, Famau. Kwani wewe nawe si mtu wa kuya?"

Mtu wa kuya, yaani mgeni aliyekuja tu. Watu wakacheka naye. Nikasikia mpaka waliokuwa kimya wakicheka.

"Usikasirike, ni mzaha," Abubakr akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyengoja mlango ufunguliwe apite. "Lakini kwa kuwa umelianzisha, kheri nikwambie kabisa. Kamati tumeshasemezana. Wazee wataka timu ya Langoni ifundishwe na mwana wa Langoni. Tutampa Amjad. Wewe utakaa naye, umuoneshe ndia. Na ukitaka ukubwa, Chundwa nako kuna timu, au siyo?"

Amjad! Amjad ambaye Famau alimfundisha hata kufunga kamba za viatu vya mpira! Nikangoja mtu aseme neno. Watu wamejaa mabaraza mawili, watoto wao wote wamepita mikononi mwa mume wangu. Wakainamia vikombe vyao. Swafwan, aliyekuwa na mdomo mrefu muda mfupi kabla, aliinamia simu yake kana kwamba imemwita. Famau alisema tu, "Haya, inshallah."

Hiyo "inshallah" ndiyo iliyonipandisha hasira. Nikalitua dele chini, nikajitanda vizuri, nikaufungua mlango wazi wote.

"Inukeni," nikasema.

Wakanitazama kama waliomwona jini. Mwanamke kutokea barazani mbele ya wanaume wote wale, tena akiamuru, si jambo la kila siku kwetu.

"Bi Hindu," Abubakr akasema, "tulikuwa twataniana na shemeji."

"Inuka, Abubakr! Weka kikombe changu chini uinuke. Unamlalamikia Mzungu ambaye hata ndege hajapanda, na hapa mmemtumikisha mtu bure, mmebeba makombe yake, mmepiga picha nayo, kisha mwamwambia ni wa kuya! Uchungu wa nti! Una uchungu wewe? Siku ile mvua ilipofurisha uwanja ni nani aliyekuwa anachota maji, wewe au huyu wa kuya?"

"Daka hili twakaa tangu zamani za babako," akasema, na sasa alikuwa amekasirika naye. "Huwezi kututoa."

"Baba yangu amekufa. Nyumba ni yangu! Yangu mimi Hindu, kwa hati na kwa mashahidi. Kila anayekaa hapa anakaa kwa idhini yangu, na asiyeliyua hilo aondoke yeo hii hii!"

Siwezi kusema uongo, ilikuwa tamu. Jirani zangu walikuwa madirishani, na wanaume wazima walikuwa wakitafuta viatu vyao mbele ya mabaraza kama watoto wa madrasa. Walitoka mmoja mmoja, Abubakr wa mwisho. Na nyuma ya Abubakr nikamwona Famau naye ameinuka, anakung'uta kanzu yake.

"Wewe waenda wapi? Keti."

"Umesema kila anayekaa hapa anakaa kwa idhini yako," akanijibu. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mimi sikuwahi kuiomba. Sikuyua kuwa yatakiwa."

"Famau, usinigeuzie maneno. Nakutetea wewe!"

"Nimesikia," akasema, akashika ndia ya pwani. Abubakr alikuwa bado kwenye kona, na aliponiona nimesimama peke yangu mlangoni akatikisa kichwa kwa huruma. Lau dele lingekuwa mkononi, ningemtupia.

Nikaviosha vikombe vyao kwa hasira mpaka kimoja kikavunjika. Nilikuwa nimesema uongo gani? Nyumba si yangu? Ni yangu. Famau analijua hilo, na ni yeye aliyebadilisha boriti za dari zilipooza, ni yeye anayepaka chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani, na hajawahi kulalamika. Kwa nini alalamike leo? Nilimkasirikia Abubakr, nikaikasirikia kamati, nikamkasirikia Amjad ambaye pengine hata hajui kitu, na mwisho nikamkasirikia mume wangu. Nimesema maneno mia ya kumpigania, yeye akaokota lile moja, akaondoka nalo.

Nilikuwa bado nagombana naye kichwani, Magharibi imeshaswaliwa, mlango ukagongwa.

"Hodi."

Saa hizo ndizo jirani hurudisha sufuria, au hutuma mtoto aombe chumvi. Nilikuwa nimeinamia moto.

"Karibu!" nikaitikia. Mdomo ulijibu wenyewe, kama unavyojibu siku zote.

Mlango ukafunguka taratibu. Alikuwa Famau. Tangu tuoane hajawahi kupiga hodi katika mlango ule, na sasa alikuwa amesimama nje ya kizingiti, amengoja mpaka nimuitikie. Alivua viatu vyake akavipanga upande, pale wageni wanapoweka vyao.

"Ahsante, Bi Hindu," akasema, akasimama akingoja nimwoneshe pa kukaa.