Betri ya Tatu ya Gari la Kliniki

Ukoko ulikuwa wa kijani kwa chini na mweupe kwa juu, umevimba kuzunguka ncha ya betri kama tongo la jicho linaloumwa. Kwenye sinia la chuma chini yake, majimaji ya kahawia yalikuwa yamemnasa mende, na mende huyo bado alikuwa akichezesha mguu mmoja. Nimetengeneza magari hapa kisiwani Betio kwa miaka kumi na mmoja. Kutu nimeizoea, maana bahari iko pande zote mbili. Uvivu wa mtu unaoachwa mpaka ukaota ukoko sijauzoea.

"Fundi, unaipima au unaibusu?" aliuliza Kabiri, dereva wa gari la kliniki. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, pale wagonjwa wanapopandia, akila samaki mbichi kwa vidole. "Imekufa hiyo. Nimesema tangu asubuhi."

"Washa, mjomba."

Alipangusa vidole kwenye kiti, akazungusha ufunguo. Injini haikuzunguka. Stata iligonga mara tatu, taa za dashibodi zikafifia, kisha kimya. Kipimo changu kilisoma volti kumi nukta tisa. Ndivyo kilivyosoma mwezi wa pili, na ndivyo kilivyosoma mwezi wa sita.

Sista Meere, muuguzi mkuu, alitoka barazani akiwa amekunja mikono. "Rutiana, kuna mama kule Temaiku, uchungu umemshika. Nina gari au sina?"

"Nipe dakika ishirini."

Nilivua pete, nikavaa miwani na glavu. Nilifungua waya wa hasi kwanza, ili spana ikigusa bodi isirushe cheche, kisha wa chanya. Niliitoa betri ikiwa wima, kwa kuwa tindikali haichagui ngozi. Nikamwaga maji ya magadi juu ya sinia. Povu likachemka, likamsomba mende na uchafu wake mpaka chini. Nilisugua vichwa vya nyaya mpaka vikang'aa. Betri mpya, ya mwisho iliyokuwa stoo mpaka meli ije, niliifunga kwa mpangilio wa kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho. Nikakaza mpaka hakuna kilichocheza mkononi.

Gari likawaka. Nikapima tena, injini ikinguruma: volti kumi na nne nukta mbili. Alteneta ilikuwa ikichaji vizuri kabisa.

Namba hiyo peke yake ingetosha kunishtua mapema. Gari linalochaji vizuri haliui betri mpya kila baada ya miezi minne.

"Hiyo kuukuu niachie," alisema Kabiri, akishika usukani. "Nitaipeleka kwenye kontena la betri chakavu bandarini. Msichana kama wewe usibebe uchafu."

"Nina miaka arobaini na miwili, mjomba."

"Basi bibi kama wewe usibebe uchafu."

Sista Meere alicheka, nami nikatabasamu kwa adabu. Lakini stoo ilikuwa tupu, kwa hiyo nikaibeba, nijaribu kuichaji.

Karakana yetu ina kibanda kisicho na kuta, mbali na moto wa kuchomelea. Niliiweka humo, upepo upeperushe gesi inayotoka betri ikichajiwa, nikaipa umeme kidogo kidogo usiku kucha. Asubuhi niliiacha ipumzike kwa muda wa saa nne. Kipimo kikasoma kumi na mbili nukta saba. Niliifunga kwenye lori letu na kuzungusha injini: haikushuka chini ya volti kumi. Ilikuwa nzima, kama siku niliyoitoa kwenye boksi lake.

Gari la kliniki liliporudi mchana, nilizima kila kitu na kutafuta umeme unaovuja. Haukuwapo, isipokuwa ule mdogo wa saa ya dashibodi. Nilipobonyeza swichi ya taa ya nyuma, ile ya juu ya machela, sindano ya kipimo ikaruka. Nyaya hazikuwa na kosa. Betri ilikuwa inamalizwa na mkono wa mtu.

Nilifungua faili la gari hilo. *Betri imekufa, ibadilishwe.* Mwezi wa pili, sahihi yangu. Mwezi wa sita, sahihi yangu. Chuoni Suva, wiki ya kwanza, tulifundishwa kwamba betri iliyoisha chaji haijafa: ichaji, ipumzishe, ndipo uihukumu. Nililijua hilo nikiwa na miaka ishirini. Mara zile mbili nilisoma namba moja tu, nikaandika, nikamwachia Kabiri betri, nikaenda kunawa. Gari lile lilinitia kinyaa. Nilitaka kumalizana nalo.

Nyumba ya Kabiri iko ufukweni, upande wa bahari iliyotulia, ambako maji yakitoka huacha nepi, makopo na vinyesi vya nguruwe. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya moto wa makumbi ya nazi, anakoroga sufuria. Ndani yake kulikuwa na uji wa kijivu uliotanda ngozi inayometameta. Magamba mawili ya betri, yaliyopasuliwa kwa panga, yalilala kando ya mshelisheli. Tindikali ilikuwa imemwagwa shinani, na upande mmoja wa mti majani yalikuwa ya manjano. Wali ulikuwa umegandia kwenye mpini wa sufuria.

"Mauri, bibi," alinisalimu Kabiri. "Umeniletea ya tatu?"

"Ya tatu ni nzima."

Aliendelea kukoroga. "Si mlibadilisha?"

"Nani huacha taa ya nyuma ikiwaka, mjomba?"

"Taa husahaulika."

"Mara tatu?"

"Mara tatu. Nusu ya wavuvi wa Betio wanazamisha nyuzi zao kwa chubwi zangu za risasi ya betri, unajua hilo? Wanazifuata mpaka hapa." Aliinua kijiko, tone zito likaanguka. "Na mara mbili ulikuja, ukachomeka kidude chako, ukaandika imekufa. Mimi sikuandika kitu. Mimi ni dereva tu."

Alichosema kilikuwa kweli, na kweli ile ilinuka kuliko ufuko.

Kwenye mkeka, hatua mbili kutoka motoni, mjukuu wake Tarateiti alikuwa akipanga chubwi kwa ukubwa. Ana miaka minne. Mikono yake ilikuwa ya kijivu mpaka viwikoni, na shavu moja lilikuwa limevimba.

"Huyo tumbo linamsumbua," alisema Kabiri aliponiona nikimtazama. "Minyoo. Sista kampa dawa mara mbili, haisaidii."

"Tarateiti, fungua mdomo."

Alinitazama, kisha akatema kitu kwenye kiganja changu. Chubwi ndogo, laini kama kokwa iliyofyonzwa.

"Zima moto, mjomba. Tunampeleka kwa Sista sasa hivi."

"Kwa minyoo?"

"Kwa hii. Hii ni sumu. Moshi huo pia."

"Mimi nimeyeyusha tangu kijana, na niko hapa."

"Ulikuwa unazinyonya?"

Kabiri alimtazama mtoto, halafu sufuria, halafu mtoto tena. Akakiweka kijiko chini polepole, kama kitu cha mtu mwingine, na kumwaga mchanga juu ya makaa kwa mikono yote miwili.

Gari la kliniki lilikuwa limeegeshwa barabarani. Nilimtazama akiinua mkono na kuhakikisha kuwa taa ya nyuma imezimwa, ingawa hakuna aliyemwambia. Likawaka kwa mzunguko mmoja.

Nilimpakata Tarateiti. Alinuka moshi na matapishi. Nilikuwa sijanawa, na chubwi ilikuwa bado kwenye ngumi yangu, imelowa mate. Nilijikuta najiuliza kama ilitoka kwenye betri ya mwezi wa pili au ya mwezi wa sita. Sina kipimo cha hilo.

"Nipe," alisema Tarateiti.

"Hapana, mama."

"Mpe tu, ni yake," alisema Kabiri bila kugeuka, kwa mazoea. Kisha gari likapunguza mwendo ghafla.

Mtoto hakulia. Aliishika ngumi yangu kwa mikono yake ya kijivu, akaanza kuvifungua vidole, kimoja kimoja.