Stesheni ya Kimuli

"Usikohoe humu, waitu, tafadhali," Elpidius alisema bila kugeuka. "Gundi haijakauka."

Alikuwa ameinama juu ya meza, unyoya wa kuku mkononi, akisukuma maganda ya kahawa yaliyosagwa yajipange vizuri kati ya mataruma ya reli yake ndogo. Maganda ndiyo yalikuwa kokoto zake. Mataruma yalikuwa njiti za kiberiti, na reli zenyewe spoki za baiskeli alizozinyoosha moja moja kwa koleo mpaka zikawa hazina hata dalili ya kupinda. Reli hiyo ilizunguka meza yote iliyojaza stoo ya kahawa: ilipita mbele ya stesheni ya maboksi, ikavuka daraja, ikaingia kwenye handaki chini ya mlima wa magunia na karatasi, kisha ikatokea upande wa pili.

Aliyekuwa mlangoni hakukohoa. Alisimama tu, na kivuli chake kikaifunika stesheni nzima.

"Baba Vero," akasema, "nasikia unasafirisha watu."

Alikuwa Eugenia, mjane wa bondeni, ambaye kijiji chote cha Kimuli kilimwita Mama Ainebyona ingawa huyo Ainebyona mwenyewe alikuwa ameondoka zamani. Alivuka mpaka kwenda Uganda kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa. Mwanzoni alikuwa akipiga simu, halafu simu zikawa chache, halafu zikakoma. Kila Jumapili baada ya misa mama yake aliipiga ile namba, akamsikiliza yule dada wa kwenye simu akisema haipatikani, mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza ujumbe.

Elpidius aliweka unyoya chini. Alijua siku moja atakuja.

Yeye alikuwa fundi baiskeli. Treni alipanda mara moja tu maishani, ujanani, kutoka Mwanza kwenda Tabora, na safari ile haikumtoka mwilini. Karagwe hadi Kyerwa hakuna reli. Lakini bintiye Vero alipomwachia simu yake ya zamani, aliona humo wazee wa Ulaya, wenye mvi kama zake, wakijenga reli ndogo mezani, na miti, na watu wadogo waliosimama wakisubiri. Alitazama kwa miezi. Kisha akafungua redio mbovu ya kaseti, akaitoa mota, na akaanza. Majirani walicheka. Mkewe, Kokushubira, alisema heri hivyo kuliko pombe.

Watu wadogo aliwachonga kwa matawi ya mbuni, kwa sababu mti wa kahawa ni mgumu na haupasuki. Wa kwanza alikuwa mzee aliyepinda mgongo, akamkalisha kwenye benchi la stesheni. Hakuficha kwamba alimwiga jirani yake Melkiory. Rangi ya kofia ilikuwa bado mbichi Melkiory alipofariki, amekaa barazani kwake, redio ikitangaza.

Baada ya mazishi, binti wa Melkiory, Benitha, alikuja kurudisha sufuria walizoazima. Akachungulia stooni.

"Huyu ni baba," akasema.

"Samahani, mwanangu. Nitamwondoa."

"Usimwondoe. Mwache asubiri."

Asubuhi iliyofuata benchi lilikuwa tupu. Melkiory alikuwa ndani ya behewa, dirishani. Elpidius alikuwa amemgandisha kwa gundi ya viatu, tena kwa mkono wake mwenyewe, na pale benchini palibaki alama laini, kama ya kitu kilichonyanyuka kwa hiari. Alimwuliza mkewe. Kokushubira akaapa hajawahi kuingia kwenye hicho chumba chake. Basi akawasha swichi, treni ikaondoka, ikaingia handakini, ikatoka. Dirishani hapakuwa na mtu. Aliufunua mlima wote, akamulika kwa tochi, akapangusa kwa brashi. Vumbi tu.

Benitha aliposikia, alilia kidogo, kisha akasema anahisi usingizi. Akalala siku nzima. Baada ya hapo wakaja wengine, kimyakimya, mmoja akimwombea nafasi marehemu mumewe, mwingine mtoto wake. Elpidius hakumkatalia yeyote, na hakuna abiria hata mmoja aliyerudi kutoka handakini. Jamaa zao waliondoka na nyuso nyepesi. Yeye ndiye aliyebaki na ile stoo. Siku nyingine akiwa peke yake alihisi joto la watu humo, kama chumba kilichotoka kukaliwa.

"Wangu hajafa," Eugenia alisema sasa. "Sitaki umpakie. Nataka umshushe."

"Mama, treni hii haijawahi kushusha mtu."

"Umewahi kujaribu?"

Elpidius alizitazama nyaya za betri.

"Unamkumbuka alivyo?" mama akauliza. "Mimi uso umeanza kunipotea. Nabaki na mabega tu."

Mabega hata Elpidius aliyakumbuka. Kijana yule alibeba mikungu ya ndizi tangu utotoni, bega la kushoto likawa juu ya la kulia, na alipoleta baiskeli kutengenezwa alisimama hivyo hivyo, kama mtu anayesikiliza kitu upande mmoja.

"Nitajaribu," akasema.

Kokushubira aliposikia alisukuma sahani yake pembeni.

"Hao wengine tuliwazika kwanza," alisema. "Tunajua walikotoka na tunajua walikokwenda. Huyu hatujui aliko, Baba Vero. Utamwita kutoka wapi?"

"Ni kipande cha mti tu."

"Kama ni kipande cha mti, mbona umeacha kula?"

Alimchonga kwa siku kadhaa. Mkono ulikuwa mwepesi kuliko kawaida, na jambo hilo halikumpendeza. Bega la kushoto lilipanda lenyewe chini ya kisu. Alipomaliza alimweka ndani ya behewa, uso ukielekea stesheni, akageuza nyaya za betri, nyekundu mahali pa nyeusi, ili treni irudi nyuma. Kisha akawasha.

Treni iliingia handakini kinyumenyume. Ilichelewa. Ilipotoka upande wa pili ilikuwa inakwenda polepole, na ilipofika stesheni ikasimama, wakati mkono wa Elpidius ulikuwa mbali na swichi. Mota iliendelea kunguruma. Baada ya kitambo treni ikaondoka tena yenyewe, nyepesi.

Behewa lilikuwa tupu. Stesheni ilikuwa tupu. Alitafuta chini ya meza, akachambua maganda kwa vidole, akatikisa hata mikunjo ya suruali yake. Ainebyona hakuwepo.

Kesho yake aliteremka bondeni kumwambia Eugenia ukweli, kwamba kinyago kimepotea. Njiani alijaribu maneno mbalimbali. Lakini alipofika kwenye shamba la mjane yule, maneno yote yakamtoka.

Shamba lilikuwa limemshinda Eugenia kwa miaka mingi. Kila mtu alijua. Majani makavu yalikuwa yakining'inia kwenye migomba kama matambara, na magugu yalifika magotini. Sasa lilikuwa safi. Nyasi zilitandazwa chini ya kila shina, na majani makavu yalikuwa yamepogolewa mpaka juu, juu kabisa, ambako mikono ya mwanamke mfupi haiwezi kufika.

Eugenia alikuwa barazani akimenya ndizi. Sufuria ilikuwa kubwa.

"Karibu, Baba Vero. Nilitaka nije kukushukuru, ila siwezi kutoka nikamwacha."

"Amefika?"

"Jana jioni. Amelala sasa. Safari ilikuwa ndefu."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo. Elpidius hakutaka kutazama, na akatazama. Palikuwa na giza, na mwisho wa kitanda palikuwa na miguu ya mwanaume, vidole vikielekea ukutani. Haikutikisika. Kwenye nyayo zake yalikuwa yamegandamana maganda ya kahawa yaliyosagwa laini.

Kila nyumba Kimuli ina maganda ya kahawa. Alijiambia hivyo njia nzima akipanda mlima, na alipofika kwake alichomoa waya wa betri, kisha akang'oa spoki moja pale reli inapoingia handakini. Akafunga stoo kwa kufuli. Kokushubira alimwangalia. Alimletea maji ya kunawa tu.

Mvua za kwanza zikaanza kunyesha. Elpidius alikaa kibandani kwake barabarani, akaziba pancha, akanyoosha rimu, akajaribu kutofikiri. Benitha ndiye aliyekuwa akileta habari, kwa sababu nyumba yao ilitazamana na bondeni.

"Mama Ainebyona haji tena kanisani," alisema. "Moshi haukatiki jikoni kwake tangu alfajiri hadi jioni. Anapika, halafu anamwaga nyuma ya nyumba. Nimeona kwa macho yangu, baba. Chakula kizima, sufuria kwa sufuria."

"Na yeye? Umemwona?"

Benitha alijifunga kanga vizuri.

"Namwona akilima. Mvua ikinyesha analima. Jua likiwaka analima. Nilimwamkia nikiwa njiani, akasimamisha jembe. Hakugeuka. Alisimama tu amelekeza bega upande wangu, mpaka nilipopita."

Eugenia alikuja mwenyewe, mchana mmoja mvua ilipokatika. Alikuwa amepungua. Elpidius alimkaribisha kwenye kigoda, hakukaa.

"Hajambo mgeni?" fundi akauliza, kwa kukosa la kuuliza.

"Anaita 'mama'. Mpaka jana hakuwa na neno jingine. Nikimwekea chakula anakiangalia mpaka kinapoa. Nikimgusa mkono ni kama jiwe la mtoni. Nimemfunika mablanketi yote ya nyumba, mimi nalala bila kitu, na bado hapati joto." Alivuta pumzi. "Nilidhani akifika atafurahi, Elpidius. Nilipanga kila kitu nitakachompikia. Sikuwahi kufikiri kwamba labda alikuwa ameshapumzika."

Bodaboda ikapita ikirusha matope.

"Jana ameniuliza," Eugenia akasema.

"Amekuuliza nini?"

"Treni inarudi lini."

Elpidius alisimama, akafunga kibanda. Walipanda pamoja mpaka nyumbani kwake, yeye mbele, mama yule nyuma. Kokushubira alikuwa anaanika maharage uani. Alipomwona Eugenia alikwenda akamshika mkono, akaendelea kuushika mpaka mlango wa stoo ulipofunguliwa.

Ndani palinuka unyevu. Elpidius alichagua spoki mpya, akainyoosha kwa koleo, akaijaribu machoni dhidi ya mwanga wa mlango. Alilehemu ncha zake kwa chuma kilichopashwa moto kwenye mkaa. Lehemu ikatapakaa, akakwangua na kurudia. Hakutaka kufanya haraka. Mama Ainebyona alitazama kila kitu, kama mtu anayetazama nguo za mwanawe zikipigwa pasi.

"Itabidi nichonge mwingine," Elpidius akasema.

"Hapana."

Alifungua fundo la kanga. Kinyago kilikuwa humo, kimelowa.

"Asubuhi nimekuta kitanda hakina mtu. Hiki kilikuwa kwenye mto."

Elpidius alikipokea. Kilikuwa kizito kuliko mti alioutumia, na kilikuwa baridi. Akafungua paa la behewa.

"Nimwelekeze wapi? Mbele?"

Eugenia alifikiri.

"Mwelekeze huku niliko. Akitoka, anione."

Akamweka hivyo, uso dirishani, bega la kushoto juu. Akarudisha nyaya mahali pake, nyekundu kwa nyekundu, kisha akasogeza kile kibao chenye swichi mpaka ukingo wa meza, mbele ya Eugenia. Mama yule alitikisa kichwa. Kisha akanyoosha kidole kimoja, akakiweka juu ya swichi, kikakaa hapo bila kubonyeza.

"Safari njema, mwanangu," akasema kwa Kinyambo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemuaga mtu anayekwenda mnadani. Akabonyeza.

Treni ikaondoka. Ikapita mbele ya stesheni, ikavuka daraja, ikakanyaga ile spoki mpya bila kutikisika. Kichwa kikaingia handakini, behewa likafuata, dirisha la mwisho likamezwa.

Walisubiri itokee upande wa pili. Haikutokea. Lakini magurudumu walikuwa wakiyasikia bado, tak-tak, tak-tak, kwenye maungio ya reli, yakiupita mwisho wa meza, yakiupita ukuta wa stoo. Kokushubira ndiye aliyegeuka kwanza, akatazama nje kupitia mlangoni. Hapakuwa na upepo. Migomba ilikuwa ikiyumba, mmoja, kisha uliofuata, kisha uliofuata, mstari mmoja ulionyooka ukishuka kuelekea mtoni, na sauti ile ikienda nayo, ikizidi kuwa ndogo, ikiwa bado haijaisha.